Ekari Kumi za Juni: Watu wa Texas na Viwanja vya Sikukuu Yao

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Marekani, mwanamume mmoja wa Virginia aliomba arudishwe utumwani. Jina lake John Henry Yates, ila watu walimwita Jack. Alizaliwa mtumwa mwaka 1828 katika wilaya ya Gloucester, na wakati huo alikuwa ameshapata uhuru wake. Lakini mkewe Harriet na watoto wao walikuwa bado mali ya bwana mwingine wa shamba la jirani, na bwana huyo alikuwa ameamua kuhama. Majeshi ya Kaskazini yalikuwa yanasogea, naye hakutaka kupoteza watumwa wake. Akafunga safari ya kwenda wilaya ya Matagorda, pwani ya Texas, mbali na mizinga. Yates angeweza kubaki Virginia akiwa huru, peke yake. Alikataa. Akafuatana na familia yake, akafika Texas akiwa mtumwa kwa mara ya pili.

Miaka tisa baadaye mtu huyohuyo, sasa mchungaji wa Kibaptisti mjini Houston, aliongoza mchango wa kununua ardhi. Ardhi hiyo haikuwa ya kulima wala ya kujenga kanisa. Ilikuwa ya kusherehekea.

Kila mwaka ifikapo tarehe 19 Juni, siku inayojulikana kwa jina la Juneteenth, Marekani nzima sasa hufunga ofisi za serikali ya taifa. Vyombo vya habari hueleza habari za jenerali aliyetia nanga Texas na amri aliyoitoa, kisha habari huishia hapo. Lakini jenerali hakuanzisha sikukuu. Walioianzisha, wakaigharimia, wakailea kwa miaka zaidi ya 100 bila msaada wa serikali yoyote ni watu waliokuwa watumwa, pamoja na wana na wajukuu wao, katika miji na vijiji vya Texas. Na walijua mapema kwamba sherehe isiyo na uwanja wake haidumu.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilianzia Texas, ni lazima kuangalia Texas ilikuwa mahali gani. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa 182,566 katika jimbo hilo, karibu theluthi moja ya wakazi wote. Vita vilipoanza idadi haikupungua, ilipanda. Baada ya New Orleans kutekwa na majeshi ya Kaskazini mwaka 1862, wenye mashamba wa Louisiana, Mississippi na Arkansas waliwaswaga watumwa wao kuelekea magharibi, wengine kwa miguu, wengine kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, ili wawafiche mahali ambapo jeshi la Lincoln lisingefika upesi. Hesabu za wanahistoria zinasema vita vilipomalizika watumwa wa Texas walikuwa wanakaribia 250,000. Kwa hiyo Tangazo la Ukombozi, ambalo Rais Abraham Lincoln alilitia sahihi tarehe 1 Januari 1863, kwa watu hao lilikuwa maneno ya mbali. Tangazo lilifanya kazi pale tu palipokuwa na askari wa kulisimamia, na sehemu kubwa ya Texas hapakuwa na askari hao.

Ulikuwapo mlango mwingine. Mexico ilipiga marufuku utumwa mwaka 1829, na mpaka wake na Texas ni mto Rio Grande. Felix Haywood, aliyekuwa mtumwa karibu na San Antonio, alihojiwa uzeeni katika miaka ya 1930, serikali ilipotuma waandishi wakusanye kumbukumbu za wazee wa utumwani. Alieleza kwamba watu wa upande wake hawakuwa na haja ya kufikiria kukimbilia Kaskazini. Waliotaka kutoroka walielekea kusini, wakavuka mto, wakawa huru. Maelfu walifanya hivyo. Kwa walio wengi, hata hivyo, jangwa la kusini mwa Texas na wawindaji wa watoro walisimama kati yao na mto huo.

Jenerali Robert E. Lee wa jeshi la Kusini alisalimu amri huko Virginia tarehe 9 Aprili 1865. Siku tano baadaye Lincoln akapigwa risasi. Texas iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea: jeshi la Kusini lililokuwa magharibi mwa mto Mississippi lilikabidhi silaha rasmi tarehe 2 Juni tu, mjini Galveston. Siku 17 baadaye, katika mji huohuo wa bandari, Meja Jenerali Gordon Granger alitoa Amri ya Jumla Namba 3. Makao yake yalikuwa kwenye jengo la Osterman, pembeni mwa mtaa wa Strand. Masimulizi ya mjini humpandisha Granger kwenye roshani ya jumba la Ashton Villa akiwasomea umati, ila wanahistoria hawajapata ushahidi wa tukio hilo. Amri ilipita njia za kawaida za amri za jeshi: ilinakiliwa, ikasambazwa, ikachapishwa magazetini. Karatasi yake ya awali, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na msaidizi wa Granger, ilikuja kuonekana Juni 2020 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington.

Amri yenyewe ni fupi, na ina sura mbili. Inatangaza kwamba watumwa wote wako huru, na kwamba waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa wana usawa kamili wa haki za binafsi na za mali. Uhusiano wao tangu hapo ni wa mwajiri na kibarua. Kisha sauti inabadilika. Walioachwa huru wanashauriwa wabaki walipo kwa utulivu na wafanye kazi kwa ujira. Wanaonywa kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, na kwamba hakuna atakayelishwa akikaa bila kazi, pale wala mahali pengine. Hivyo ndivyo taifa lilivyozungumza na watu lililowatumikisha maisha yao yote: neno la kwanza lilikuwa uhuru, la pili likawa karipio la uvivu.

 

Habari ya uhuru haikuenea Texas kwa siku moja. Mwenye shamba alikuwa na kila sababu ya kuinyamazia, hasa pamba ikiwa ingali shambani. Tempie Cummins, aliyekuwa mtoto mdogo mashariki mwa jimbo, alisimulia uzeeni jinsi mama yake alivyoipata. Mama huyo alifanya kazi nyumbani kwa bwana, na alikuwa na mazoea ya kujificha kwenye pembe ya bomba la moshi ili asikilize wazungu wanazungumza nini. Siku moja akamsikia bwana akimwambia mkewe kwamba watumwa wameshakuwa huru, lakini wao hawajui, naye hatawaambia mpaka wamvunie msimu mmoja au miwili zaidi. Mama akatoka mafichoni, akarukaruka akigonganisha visigino, akapaza sauti kwamba yuko huru. Akakimbilia shambani kuwaambia wenzake, nao wakaacha kazi. Bwana akamfyatulia risasi. Akateremka korongoni, akatoroka na bintiye Tempie.

Kisa hiki kinafaa kusomwa sambamba na amri ya Granger. Kwa mama Tempie, uhuru ulipatikana kwa kutega sikio, na ukalindwa kwa mbio. Wengine waliambiwa na mabwana wao wenyewe wiki au miezi baada ya Juni, askari wakiwa wameshakaribia mlangoni. Ofisi ya serikali iliyoundwa kushughulikia watu walioachwa huru ilianza kazi Texas mwezi Septemba tu, na maofisa wake walikuwa wachache mno kwa jimbo kubwa kiasi hicho.

Pamoja na hayo, sherehe zilianza mara moja. Katika siku za mwanzo za Januari 1866, Wamarekani Weusi wa Galveston waliandamana mitaani, wanaume, wanawake na watoto, hadi kwenye kanisa lao la Broadway, ambako Jenerali Edgar Gregory, mkuu wa ofisi ile, aliwahutubia. Kanisa hilo, ambalo sasa linaitwa Reedy Chapel, lingali pale pale, na kila mwaka tarehe 19 Juni maandamano kutoka kwenye mahakama ya zamani hufika mlangoni mwake. Mwanzoni, basi, hata siku yenyewe haikuwa imetulia: Januari mosi, siku ya tangazo la Lincoln, ilikuwa na wafuasi wake. Lakini kuanzia mwaka 1866 tarehe 19 Juni ilishika, na Texas ikaacha Januari kwa wengine.

Jambo hili lilitokea kote Marekani. Kila mahali palihesabu uhuru tangu siku ulipofika hapo. Wakazi wa Washington husherehekea tarehe 16 Aprili, siku ambayo Bunge lilikomesha utumwa katika mji huo mwaka 1862. Tallahassee, Florida, siku yao ni 20 Mei. Mji mdogo wa Thomaston, Georgia, umekuwa ukiandamana mwishoni mwa Mei tangu mwaka 1866. Kentucky na Tennessee wana 8 Agosti. Na kabla ya vita, Wamarekani Weusi waliokuwa huru Kaskazini walikuwa wakikutana tarehe 1 Agosti kuadhimisha ukombozi wa watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Ndugu zao waliotorokea Kanada walifanya hivyohivyo, na mji wa Owen Sound, Ontario, bado haujaacha. Siku za ukombozi zilikuwa nyingi kwa sababu ukombozi wenyewe ulifika vipande vipande.

Tatizo la Texas lilikuwa mahali. Bustani na viwanja vya mjini vilikuwa vya wazungu, na watu Weusi walikatazwa kuvitumia. Wakaenda nje ya miji: kando ya mito, vichakani, nyuma ya makanisa. Penye mwenye ardhi mkarimu walikaribishwa. Penye mkali walifukuzwa. Hata likizo haikuwa ya uhakika, maana Juni ni wakati wa palizi ya pamba, na mwajiri angeweza kumkata kibarua ujira wake au kumfukuza kabisa.

Hapo ndipo Jack Yates anaporudi kwenye hadithi. Baada ya uhuru alihamia Houston na familia yake. Mchana aliendesha mkokoteni wa mizigo, usiku na Jumapili alihubiri. Mwaka 1868 akawa mchungaji wa kwanza wa Kanisa la Kibaptisti la Antioch. Alikuwa na neno moja aliloliweka kila siku mbele ya waumini wake: wanunue viwanja, wasikae kwa kupanga. Mwenyewe alijenga nyumba mwaka 1870. Ipo hadi leo, imehamishiwa kwenye bustani ya makumbusho katikati ya mji.

Mwaka 1872 Yates aliungana na wenzake watatu. Elias Dibble alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na kanisa lake likashirikiana na Antioch. Richard Allen, fundi mkandarasi aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa ameshakaa katika bunge la jimbo. Richard Brock alikuwa mhunzi aliyeingia katika baraza la mji. Walikusanya fedha, kiasi kinachotajwa kuwa kati ya dola 800 na 1,000, wakanunua ekari 10 kusini mashariki mwa Houston. Waliochanga walikuwa wafuaji nguo, wapishi, wapagazi, watu ambao miaka saba tu kabla ya hapo wasingeweza kisheria kumiliki hata shati walilovaa. Wakakiita kiwanja hicho Emancipation Park, Bustani ya Ukombozi. Kwa miaka mingi hawakuwa na uwezo wa kukitunza mwaka mzima, hivyo kilifunguliwa hasa kwa ajili ya siku ya uhuru. Mtu anaweza kuuliza kwa nini maskini wanunue ekari 10 kwa ajili ya siku moja. Jibu lilikuwa katika siku yenyewe.

Kazi ilianza jana yake. Wanaume walichimba shimo refu, wakajaza magogo, wakawasha moto hadi yakawa makaa. Nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na ya kondoo ililazwa juu ya makaa hayo, na wazee waliojua kazi walikesha wakiigeuza na kuipaka mchuzi wa siki na pilipili. Wanawake walileta maandazi ya sukari, viazi vitamu na keki. Vinywaji vilikuwa vyekundu: kwanza maji ya matunda yaliyotiwa rangi, baadaye soda ya stroberi. Tikiti maji lilikatwa kwenye kila meza. Wapo wanaoufungamanisha wekundu huo na damu ya waliokufa utumwani, na wapo wanaoutafutia asili katika vinywaji vya rosela na kola vya Afrika Magharibi. Mwanahistoria Annette Gordon-Reed, aliyekulia mji wa Conroe, Texas, ameandika kuhusu soda hiyo nyekundu ya utotoni mwake, na pia kuhusu tamale za Kimexico zilizoandaliwa mezani siku hiyo. Texas ni jirani ya Mexico hata katika chungu.

Asubuhi bendi ilitangulia, magari yaliyopambwa yakifuata, na msichana aliyechaguliwa kuwa malkia wa siku ameketi juu. Kila mtu alivaa nguo bora aliyonayo. Hilo halikuwa jambo dogo kwa watu ambao sheria za utumwa katika sehemu nyingi ziliwapangia hadi kitambaa cha kuvaa. Uwanjani palikuwa na sala, kisha Tangazo la Ukombozi likasomwa kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Wazee waliozaliwa utumwani waliketishwa mbele, wakasimama mmoja mmoja kusimulia. Wanasiasa walihutubia, na palipokuwa na wapiga kura Weusi, watu walifundishwa namna ya kupiga kura. Mchana wakala. Jioni besiboli, mbio za farasi, na muziki hadi usiku.

Hivyo siku hiyo ilikuwa kanisa, shule, mkutano wa kisiasa na karamu kwa pamoja, na jambo lenye uzito huo lisingeweza kutegemea ruhusa ya mtu mwingine. Houston haikuwa peke yake. Katika wilaya ya Limestone, katikati ya Texas, watu walikutana tangu zamani kwenye kivuko cha mto Navasota kiitwacho Comanche Crossing, karibu na mji wa Mexia. Mwishoni mwa karne ya 19 waumini wa makanisa ya hapo waliunda Chama cha Juni 19, wakanunua ardhi kandokando ya mto, wakaiongeza mwanzoni mwa karne ya 20 hadi ikafika ekari 30 hivi. Wakaipa jina la Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri Mweusi. Koo zilikuwa na vibanda vyao pale, vikarithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na watu walipiga kambi kwa siku kadhaa. Miaka ya 1920 umati ulifikia maelfu kwa maelfu, zaidi ya wakazi wa miji mingi ya jirani.

Austin ilikuwa na bahati mbaya. Huko pia Wamarekani Weusi walinunua bustani yao mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa mashariki wa mji, wakafanyia sherehe hapo kwa miaka 30 hivi. Mwaka 1938 halmashauri ya mji iliitwaa kwa nguvu ya sheria ili ijengwe Rosewood Courts, nyumba za serikali za kupangisha watu Weusi wenye kipato kidogo. Nyumba zilihitajika, hakuna ubishi. Lakini ardhi zilikojengwa ilikuwa ile waliyoinunua wenyewe kwa jasho lao, na walipinga bila kusikilizwa. Hata Houston, ekari 10 zile zilikabidhiwa kwa mji miaka ya 1910, na kati ya 1922 na 1940 zikawa bustani pekee ya umma ambamo watu Weusi wa Houston waliruhusiwa kuingia. Barabara iliyopita mbele yake iliitwa Dowling, kwa heshima ya ofisa wa jeshi lililopigania utumwa uendelee.

Miaka ya mdororo wa uchumi ilizipiga sherehe hizi kwa nguvu. Vijana waliacha mashamba wakaenda kutafuta kazi mijini, na kiwandani tarehe 19 Juni ilikuwa siku kama siku nyingine. Mwaka 1936, Texas ilipoadhimisha miaka 100 ya kujitenga na Mexico, maonyesho makubwa ya Dallas yaliitenga siku hiyo kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na makumi ya maelfu walifika kutazama Jumba la Maisha ya Weusi. Jumba hilo lilibomolewa baada ya maonyesho kufungwa.

Waliohama hawakuiacha sikukuu nyuma. Miaka ya 1940 watu wa Texas walipokwenda kufanya kazi katika viwanda vya vita vya California, waliipeleka San Francisco, na mtaa wa Fillmore ukaanza kuiadhimisha. Ilikuwa pia imeshavuka mpaka upande wa pili. Katika kijiji cha Nacimiento, jimbo la Coahuila, Mexico, wanaishi Wamascogo, uzao wa watu Weusi waliochanganyika na Waseminole, wenyeji wa asili wa Marekani, na kutorokea huko katikati ya karne ya 19. Wao walikuwa huru kabla ya Granger kufika Galveston, lakini ndugu zao walirudi kuishi Texas, upande wa Brackettville, na siku ikawafikia kupitia kwao. Kila tarehe 19 Juni Wamascogo hukutana, wakaimba nyimbo zao za makofi ziitwazo capeyuye, wakala mkate wa viazi vitamu, na jamaa kutoka ng'ambo ya mto huja.

Kilichoiinua upya sikukuu hiyo nchini Marekani ni msiba. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968 akiwa katika maandalizi ya Kampeni ya Maskini. Ralph Abernathy na wenzake waliendelea nayo, wakajenga kambi ya mbao mjini Washington, na mkutano wao mkuu ukafanyika tarehe 19 Juni. Makumi ya maelfu walihudhuria. Wajumbe waliporudi makwao, baadhi waliibeba siku hiyo; Milwaukee imekuwa na sherehe kubwa mtaani tangu mwaka 1971, mji ambao haukuwahi kufikiwa na amri ya Granger.

Mwaka 1979 mbunge wa Houston, Al Edwards, aliwasilisha mswada katika bunge la Texas wa kuifanya siku hiyo sikukuu ya jimbo. Gavana Bill Clements akautia sahihi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1980. Texas, jimbo lililochelewa kuliko karibu yote kuwaachia watumwa, ndilo lililotangulia yote kuiheshimu siku hiyo kisheria.

Miaka miwili haikupita vizuri, pigo likaja. Usiku wa tarehe 19 Juni 1981, kwenye uwanja ule wa Mexia, ambao sasa uko kando ya ziwa lililotokana na bwawa la mto Navasota, maofisa wa usalama waliwakamata vijana watatu Weusi kwa madai ya kuwa na bangi. Wakawapakia kwenye boti ndogo ili kuvuka ziwa, bila majaketi ya kuokolea maisha. Boti ilipinduka. Maofisa walinusurika, vijana wote watatu wakazama. Maofisa hao walifikishwa mahakamani, wakaachiwa huru. Familia nyingi hazikurudi tena Comanche Crossing, na umati uliowahi kujaza ekari zile haujawahi kurejea kwa kiwango kile. Ni vigumu kutaja mahali ambapo msiba ungewaumiza zaidi: kwenye ardhi yao wenyewe, usiku wa sikukuu yao ya uhuru.

Bunge la taifa lilichukua muda mrefu zaidi kuitambua siku hiyo. Kati ya waliolihimiza, jina linalojulikana kuliko yote ni la Opal Lee, mwalimu mstaafu wa Fort Worth, aliyezaliwa Marshall, Texas, mwaka 1926. Mwaka 1939, akiwa na miaka 12, wazazi wake walinunua nyumba katika mtaa wa wazungu mjini Fort Worth, Annie Street. Walikaa siku chache tu. Tarehe 19 Juni mwaka huo kundi la wazungu takribani 500 liliizingira, likaivamia na kuchoma mali zao. Baba alikuja na bunduki. Polisi wakamwonya kwamba akifyatua watamwacha mikononi mwa umati. Familia ikahama, na wazazi hawakulizungumza jambo hilo tena.

Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, Bi. Lee alianza kutembea kutoka Fort Worth kuelekea Washington, akisimama mji kwa mji. Kila alipofika alitembea maili mbili na nusu, moja kwa kila mwaka uliopita tangu tangazo la Lincoln hadi amri ya Galveston. Ombi lake la sikukuu ya taifa lilikusanya sahihi zaidi ya milioni 1.5. Juni 2021 Seneti iliipitisha sheria bila pingamizi, Baraza la Wawakilishi likaipitisha kwa kura 415 dhidi ya 14, na tarehe 17 Juni Rais Joe Biden akaitia sahihi, Bi. Lee akiwapo ukumbini.

Viwanja vya zamani navyo vimepata sura mpya. Emancipation Park ya Houston ilikarabatiwa kwa zaidi ya dola milioni 33, kwa michoro ya msanifu majengo Phil Freelon, ikafunguliwa upya Juni 2017. Mwaka huohuo barabara ya Dowling ilibadilishwa jina, ikawa Emancipation Avenue. Galveston, pale lilipokuwa jengo la Osterman, msanii Reginald Adams na wenzake walichora mwaka 2021 picha kubwa ya ukutani inayobeba yale maneno ya amri kuhusu usawa kamili.

Kuhusu Annie Street, Bi. Lee aligundua uzeeni kwamba kiwanja cha wazazi wake kilikuwa kitupu, na kwamba sasa ni mali ya Trinity Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba. Akaulizia bei ili akinunue. Shirika likamuuzia kwa dola 10, na kampuni moja ya ujenzi ikajitolea kumjengea nyumba. Juni 2024, akiwa na miaka 97, Opal Lee alikabidhiwa funguo.